Aliyepanda Meli Naye Ahesabiwe

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Zanzibar wa 2014/15 ulikuta asilimia 30.4 ya watu wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2019/20 ukakuta asilimia 25.7. Nafuu imeonekana, lakini nani hasa aliyenafuika? Tafiti hizo mbili haziwezi kusema, kwa kuwa kaya zilizohojiwa mara ya pili si zile za mara ya kwanza. Wilayani Mkoani, kisiwani Pemba, swali hilo halipuuziki. Hapo ndipo bandarini, na huenda aliyenafuika ameshapanda meli zamani, yuko Unguja au Dar es Salaam.

Ipo njia nyingine ya kupima, na Zanzibar imo ndani yake. Mwaka 2008/09 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza utafiti wa kufuatilia kaya zile zile: maeneo 409 ya kuhesabia watu, kaya 3,265, Bara na Visiwani. Wadadisi waliporudi 2010/11 walizipata takriban kaya 97 katika kila 100. Cha ajabu, idadi haikupungua. Ilipanda hadi 3,924, na 2012/13 ikafika 5,010. Sababu ni kanuni moja: kila mwanakaya aliyefikia miaka 15 akihama ndani ya nchi, hufuatwa alikohamia, na wale anaokula nao huko huingia utafitini. Kwa hiyo kaya moja ya kijiji cha Kengeja, Mkoani, ingeweza kuzaa tatu: wazee waliobaki, binti aliyeolewa Chake Chake na kijana anayebeba mizigo Kariakoo.

Kinachoulizwa ni kingi, na si chote kinachopimika sawasawa. Kuhusu ujira, mtu huulizwa malipo ya mwisho aliyopokea na ni ya muda gani. Kwa mwalimu wa serikali jibu ni jepesi. Mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi, na msimu ukiisha halipwi; mkulima wa mwani hupata fedha siku ya kuuza; mvuvi aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi, hana mshahara wa mwezi. Mahojiano husambazwa mwaka mzima ili misimu yote ionekane, lakini kila kaya huhojiwa kwa msimu wake. Ndiyo maana wachumi huegemea zaidi matumizi: chakula cha siku 7 zilizopita, ada, sabuni, nauli. Afya nayo ina mtego wake. Aliyezoea homa huenda asiitaje kuwa ni maradhi, ila mizani na kipimo cha kimo havimwonei mtu haya, na utafiti huu huvibeba vyote viwili.

Mfano bora wa kazi hii, hata hivyo, uko Kagera. Kati ya 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 zilihojiwa huko ili kujua vifo vya watu wazima, hasa vya UKIMWI, vinaziachaje familia. Mwaka 2004 watafiti waliwatafuta wale wale, wengine hadi Uganda, na kaya zikawa zaidi ya 2,700. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakawalinganisha watu waliolelewa nyumba moja, mmoja kahama na mwenzake kabaki. Matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi. Waliofiwa na mama utotoni walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na wamekosa kama mwaka mmoja wa shule. Utafiti wa kupita mara moja usingeyaona hayo, kwani ungewakuta watu wazima wafupi bila kujua walikopitia.

Pemba haijapata kazi ya kina hicho. Katika ule utafiti wa taifa wa kufuatilia kaya, Zanzibar nzima huhesabiwa fungu moja, kwa hiyo Mkoani haiwezi kutengwa na Micheweni, wilaya nyingine ya Pemba, wala na Mjini ya Unguja. Aliyevuka kwenda Oman hafuatwi. Isitoshe, 2014/15 sehemu kubwa ya sampuli ilibadilishwa na uzi wa kaya nyingi za mwanzo ukakatika.

Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar, ina wadadisi na ina masheha wanaojua nani kahamia wapi. Katika utafiti ujao wa mapato na matumizi, itenge sehemu ya kaya za Pemba, ichukue namba za simu za jamaa zao, na iwarudie watu wale wale baada ya miaka mitano, hata kama itabidi wadadisi nao wapande meli.