Mashine Haidanganywi

Wanaofuatilia mashauri ya kufilisika Marekani wanaijua hukumu ya 2001 ya Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, ile ya kadi ya AT&T na kamari ya Mississippi. Mawakili wa benki bado wanaishika mkononi kila wanapopinga deni la kadi lisifutwe. Ilikuwa hukumu mbovu siku ilipotolewa, na miaka haijaitengeneza.

Tuipitie. Benki ndiyo iliyomtafuta mteja. Ilimpima kwa rekodi zake za mikopo, ikamwarifu kwamba amekwisha kuidhinishwa, ikamtumia kadi yenye kikomo cha dola 3,000. Kikomo kikafikiwa upesi, kwa fedha taslimu za kuchezea kamari. Mteja alipoomba kufilisika, benki ikaja na kifungu cha 523(a)(2)(A) cha sheria ya kufilisika, kinachozuia kufutwa kwa deni lililopatikana kwa ulaghai: tumelaghaiwa.

Hakimu wa kufilisika aliona sawasawa: benki ilikata shauri siku ya kutoa kadi, kwa uchunguzi wake yenyewe. Jopo zima la rufaa likatengua. Likasema kila matumizi ya kadi ni mkopo mpya, na kila mkopo unabeba ahadi ya kulipa. Hapo sina ugomvi. Ahadi ni ahadi hata isipotamkwa. Kosa liko katika hatua iliyofuata. Nani aliiamini ahadi hiyo? Majaji wakajibu: benki iliiamini pale ilipoidhinisha muamala.

Aliyeidhinisha ni mtambo. Ulikagua nini? Kadi ni hai? Kikomo kimebaki? Basi. Mteja mwadilifu na tapeli wangepewa fedha zile zile, kwa sekunde zile zile. Kama jibu halibadiliki kwa nia ya mkopaji, nia hiyo haikumdanganya mtu. Mwenye duka anayekopesha kwa daftari humtazama mtu usoni, humuuliza mshahara unatoka lini. Akidanganywa, ana haki ya kulalamika. Benki ilichagua kutouliza, kwa kuwa kutouliza ndiko kunakosambaza kadi.

Ndiyo, shauri lilirudishwa chini nia ya mdaiwa ipimwe upya. Lakini swali lililoikaba benki lilikwisha kujibiwa kwa niaba yake.

Watetezi wa hukumu hukimbilia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1995, kwamba mdai halazimiki kuchunguza kila neno. Wanausoma nusu. Mahakama ile ilipunguza uangalifu unaotakiwa kwa aliyeamini. Haikusema mtu anaweza kudanganywa bila kuamini chochote.

Ninaousifu ni uamuzi wa 1983 wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi na Moja. Majaji wale walisema benki inayotoa kadi inabeba hatari yake, hadi itakapoifuta na mwenye kadi akajua. Waliielewa biashara ya kadi: faida hupangwa pamoja na hasara. Uamuzi wa Mzunguko wa Tisa wa 1996, uliouliza kama mtu alikusudia kulipa badala ya kama angeweza, ulifanya kazi safi.

Na benki hazikuwa yatima. Kongresi imekwisha kuzipa njia ya mkato, ikaipanua 2005. Kwa viwango vya tangu Aprili 2025, manunuzi ya anasa kwa mdai mmoja yakizidi dola 900 ndani ya siku 90 kabla ya ombi, au taslimu ikizidi dola 1,250 ndani ya siku 70, ulaghai hudhaniwa upo mpaka mdaiwa aupinge. Benki iliyo nje ya siku hizo ilipaswa kubeba mzigo wote wa ushahidi. Hukumu ya 2001 iliutua nusu.

Anayeumia si tapeli. Ni mtu aliyetumia kadi akitarajia zamu za kazi zitarudi, kisha akapokea hati ya madai. Kifungu cha 523(d) kinamwezesha kulipwa gharama za wakili pale benki inapofungua madai bila msingi wa kutosha. Lakini kadiri imani inavyokuwa rahisi kuthibitisha, ndivyo msingi unavyokuwa rahisi kudai. Wakili akigharimu kuliko deni, mdaiwa asiye na hatia hukubali kulipa.

Majaji waanze na swali lililorukwa: nani katika benki aliamini nini, na lini? Benki ikikosa jibu, deni lifutwe.