Nani Hayuko Kwenye Picha ya Etha

Kuna mchoro mmoja ambao huwezi kusoma historia ya dawa ya usingizi bila kukutana nao. Unaitwa The First Operation with Ether, na aliyeuchora ni Mmarekani Robert Hinckley. Aliuanza 1882, akaumaliza 1893. Tukio lenyewe lilitokea Oktoba 16, 1846, katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, miaka kadhaa kabla Hinckley hajazaliwa. Kwa hivyo usiuangalie kama picha iliyopigwa na simu. Huyu ni mtu aliyekaa miaka kumi na moja akiamua nani akae mbele, nani nyuma, na nani asiwepo kabisa.

Katikati yuko Gilbert Abbott, kijana mwenye uvimbe shingoni. Daktari John Collins Warren ndiye anayepasua. William Morton, daktari wa meno, ameshika chombo cha kioo chenye etha. Waliobaki, hadi kwenye viti vya nyuma, ni wanaume wazungu wenye makoti meusi wakikodoa macho.

Tuseme ukweli, mchoro unafanya kazi yake. Kabla ya etha, kupasuliwa kulikuwa kushikwa kwa nguvu na kupiga mayowe, na mpasuaji hodari alikuwa yule mwenye mkono wa haraka. Hinckley amechora kimya. Mgonjwa hapigi kelele, na hicho ndicho kioja ambacho umati wote umekuja kuona. Ukiutazama unashusha pumzi.

Shida inaanza na jina. Ati ya kwanza? Machi 30, 1842, huko Georgia, Crawford Long alishatumia etha kumtoa mtu uvimbe shingoni. Kosa lake ni kwamba hakuchapisha hadi 1849. Na kabla ya hao wote, mwaka 1804, Hanaoka Seishū wa Japani alimpa mwanamke mwenye saratani ya titi dawa ya mitishamba, akalala, akafanyiwa upasuaji. Mgonjwa wa Japani hakuchorwa Boston. Wala hakuchorwa yule mvulana Mweusi aliyekatwa kidole cha mguu na Long mwaka huohuo wa 1842, ambaye Long mwenyewe alimwandika kama mali ya mama fulani.

Halafu kuna Oliver Wendell Holmes. Wiki chache baada ya siku hiyo ya Boston alimwandikia Morton barua, akapendekeza neno "anaesthesia". Mwaka 1850, Holmes akiwa mkuu wa shule ya udaktari ya Harvard, wanafunzi watatu Weusi walikubaliwa kuingia. Wazungu wakalalamika, na watatu hao wakaonyeshwa mlango. Aliyelipa usingizi jina ndiye aliyefunga darasa.

Kule Alabama, kati ya 1845 na 1849, J. Marion Sims alikuwa akiwapasua wanawake watumwa. Tunajua majina ya watatu: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha alipasuliwa takriban mara thelathini, bila etha. Habari za Boston zilikuwa zimeshaenea kabla Sims hajamaliza. Kwa hivyo ukiniuliza mchoro huu unaficha nini, nitakwambia unaficha swali la uchungu wa nani ulistahili dawa. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018.

Lakini kuna kitu ambacho Hinckley ameonyesha, labda bila kukusudia. Mwenye kisu ndiye bosi. Mwenye etha ni msaidizi tu, tena huyu Morton alikuwa ameacha Harvard bila digrii. (Sisi tulioacha chuo tunamtambua mwenzetu.) Kwa sababu kulaza mtu usingizi kulionekana kazi ndogo, ndipo mlango ukabaki wazi kwa wale walionyimwa kisu. Alice Magaw, muuguzi wa Mayo Clinic, alichapisha mwaka 1906 ripoti ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa usingizi, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na dawa yenyewe. Virginia Apgar alisomea upasuaji, akaambiwa ni afadhali ahamie upande wa usingizi, kwa kuwa ni mwanamke. Akahamia. Leo mtoto akizaliwa hospitalini, hapa Kenya au kwingineko, anapewa alama zenye jina la Apgar kabla hata hajapewa jina lake mwenyewe.

Na hapa kwetu? Nenda hospitali nyingi za kaunti uulize nani yuko upande wa kichwa cha mgonjwa. Mara nyingi ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea kazi hiyo, siyo daktari bingwa. Muulize mama aliyezaa kwa upasuaji nani alimpasua, huenda akakupa jina. Muulize nani alimlaza usingizi akamlinda hadi mwisho. Atakwambia, "Kulikuwa na mtu hivi." Hinckley angemchora huyo mtu pembeni pia.

Kuna wasomaji watasema mchoro ni mchoro tu, tuwaachie wenye makumbusho. Sawa, lakini tazama kile kifaa kidogo unachobanwa kidoleni thieta ili kupima oksijeni. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Mwanga wa kifaa hicho lazima upite kwenye ngozi, na ngozi yetu haikufikiriwa vya kutosha walipokuwa wakikipima.

Sitaki mchoro uchomwe. Nataka ubadilishwe jina, na pembeni yake yaandikwe majina ya Anarcha, Lucy na Betsey, kwa herufi kubwa kama za Morton.