Salamu Isiyoitikwa

Mwaka 1994 mwongozaji wa Iran, Abbas Kiarostami, alitoa filamu ambayo jina lake la Kiajemi Mswahili analielewa nusu hata kabla ya kutafsiriwa: chini ya miti ya zeituni. Zeituni ni ile ile. Filamu inaanza na mtu mzima amesimama mbele ya kamera, anasema yeye ni mwigizaji, amepewa nafasi ya mwongozaji, na wengine wote ni wenyeji wa pale. Nyuma yake wamejaa wasichana waliojitanda nguo nyeusi. Basi fundi katuonyesha mshono kwanza, ndipo akatuvisha kanzu.

Pale ni Koker, kaskazini mwa Iran, kijiji kilichobomolewa na tetemeko la Juni 1990. Katika filamu ya 1992 Kiarostami alikuwa amepitisha kipande kifupi cha vijana wawili waliooana mara tu baada ya maafa hayo. Hii ya 1994 inakirudia kipande hicho na kutuonyesha, kihadithi, kilivyopigwa. Kumbe bwana harusi, Hossein, mwashi asiyejua kusoma, alishamposa huyo huyo bibi harusi wake wa kuigiza, Tahereh, na akakataliwa. Hana nyumba.

Sasa anapandisha mfuko wa plasta ghorofani, anasalimu, msichana kimya. Kata. Rudia. Anatakiwa aseme amefiwa na ndugu 65. Anasema 25, maana hao ndio wake kweli. Rudia. Tahereh amwite Bwana Hossein; anamwita Hossein tu. Rudia. Mtazamaji mwenye haraka atapiga miayo hapa, na sitamlaumu. Lakini kila marudio yanaongeza kitu kidogo, kama tabaka jipya la chokaa juu ya ukuta, na ukweli unachungulia pale mwigizaji anapokosea.

Uzuri wenyewe umo kati ya “kata” na “tuanze”. Mbele ya kamera Hossein lazima amfokee mkewe kwa ajili ya soksi. Kamera ikinyamaza, anageuka mpole, anamwambia kwamba yeye asingemfanyia hivyo kamwe. Anabembeleza. Mwongozaji naye anampa hoja: wenye nyumba wakioana wao kwa wao, nyumba mbili za nini? Msichana ameinamia kitabu. Hossein anamwomba afunue ukurasa tu, iwe ndiyo ishara. Tangu mapinduzi ya 1979 sinema ya Iran haikuruhusiwa kuonyesha mwanamume akimgusa mwanamke, na Kiarostami hakuzunguka katazo hilo kwa ujanja. Alilikalia. Posa nzima akaiweka juu ya karatasi moja ya kitabu, nasi tukabaki tumekodoa macho kwenye vidole vya msichana kama sisi ndio tuliopeleka barua.

Mwishoni Tahereh anakata njia kwenye mizeituni, kashika chungu cha maua, Hossein nyuma yake akisema bila kuchoka. Kamera inabaki juu kilimani. Kwa dakika kama nne hivi wanapungua, mpaka wanakuwa nukta mbili nyeupe katika shamba la kijani. Mimi huwa nasogeza uso kwenye kioo kama bibi anayetunga sindano. Nukta zinakaribiana. Kisha moja inageuka na kurudi mbio, huku muziki wa mtunzi Cimarosa ukiingia, sauti ya oboi, binamu wa zumari. Anakimbia kama mtu aliyejibiwa. Kajibiwa nini, tuko mbali mno kusikia.