Wazee Wanaopiga Hesabu

Wastaafu wa Tanzania wanaojadili pensheni, uwekezaji na siasa kwa pamoja wanastahili pongezi za dhati, kwani wametuonyesha kuwa sera hueleweka ikisomwa kwa tarakimu. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa, kikokotoo kipya kilishusha malipo ya mkupuo ya watumishi wengi hadi asilimia 25. Malalamiko yakapanda, na Desemba Rais Magufuli akakisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikaifikisha 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 kabla ya mifuko kuunganishwa. Msikilize mstaafu akieleza hesabu ya pensheni: mshahara wa mwaka, mara miezi ya utumishi, gawanya kwa 580. Zamani hesabu ya watumishi wengi wa umma iligawanywa kwa 540, na tofauti hiyo ndogo inapunguza pensheni ya kila mwezi mpaka mtu anaingia kaburini.

Wapo wanaosema wazee wapumzike, siasa wawaachie vijana. Waachie vipi, ilhali kipato chao huamuliwa bungeni? Hoja nzito zaidi ni kwamba asiyesomea fedha anaweza kumpotosha mwenzake. Ni kweli, na hatari hiyo haina dawa kamili. Lakini ukimya umewagharimu watu zaidi: wateja wa DECI, mpango wa upatu uliofungwa mwaka 2009, walipanda "mbegu" bila kuuliza mavuno yatatoka wapi. Wastaafu hawa huuliza hilo kwanza, ndipo walinganishe vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT na hatifungani za serikali, zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka.