Wiki Sita za Nani?

Wapo wanaoililia hadi leo ile sheria ya wiki sita, kana kwamba ilikuwa mizani ya haki. Mimi sikuiona hivyo hata siku moja.

Kwa msomaji asiyeijua habari hii: katika mashindano ya roboti ya FIRST, yaliyoanza Marekani mwaka 1992 kwa timu 28, wanafunzi wa sekondari hutangaziwa mchezo mpya kila Januari, kisha huunda mashine ya kuucheza. Kwa miaka mingi walipewa wiki sita na ushei. Zamani roboti ilifungiwa ndani ya kreti na kusafirishwa. Baadaye ikawa hutiwa katika mfuko mkubwa wa plastiki na kufungwa kwa lakiri yenye namba, isiguswe tena mpaka uwanjani.

Nia ilikuwa njema. Wote waanze pamoja, wote wakome pamoja, na walimu nao wapate kulala.

Lakini je, wiki zikilingana, saa nazo hulingana? Miaka michache kabla sheria haijafutwa nilikuwa kwa dada yangu huko, na mwanawe alikuwa katika timu ya shule isiyo na kitu. Karakana yao ilikuwa darasa la useremala. Saa kumi na mbili jioni mlinzi anafunga, Jumapili hapafunguliwi kabisa. Jumanne ya mwisho waliifunga roboti ambayo mkono wake haujanyanyuka hata mara moja. "Mjomba," akaniuliza, "tutajuaje kama unafanya kazi?" Sikuwa na jibu.

Wenye pesa walikuwa nalo. Waliunda roboti mbili, pacha kabisa. Mmoja akalala mfukoni kama sheria ilivyotaka, mwenzake akabaki karakana, madereva wakifanyia mazoezi na mafundi wakiona kipi huvunjika. Tena sheria yenyewe iliwaruhusu kuingia uwanjani na ratili 30 za vipuri vilivyoundwa nje ya mfuko. Hapo yuko wapi aliyekoma? Aliyekoma ni yule mwenye roboti moja tu, na wala hakuvunja sheria yoyote.

Sheria ilifutwa kuanzia msimu wa 2020, ambao nao ulikatizwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Wapinzani walisema walimu watachoka zaidi na tajiri atazidi kupaa. La walimu nalikubali bila ubishi. Nimewaona, na tarehe ya mwisho ilikuwa ndiyo ruhusa yao pekee ya kurudi nyumbani. La tajiri silikubali. Yeye hakuwa amesimama. Maskini ndiye aliyekuwa amefungwa mikono.

Linalonikera sasa ni jingine. Timu inayoshindana mwanzoni mwa Machi ina siku chache za kuunda kuliko ile ya Aprili, na timu yenye nauli ya mashindano mawili hurudi kutoka la kwanza ikarekebisha mashine yake kabla ya la pili. Mpwa wangu na wenzake walikuwa na nauli ya shindano moja tu.