Mkanda Mmoja, Majumba Mawili

Katikati ya miaka ya 1950 mji wa Zanzibar ulikuwa na majumba matatu ya sinema: Majestic kule Vuga, Empire karibu na soko la Darajani, na Sultana upande wa Malindi, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Cine Afrique. Jumapili, filamu mpya ya Kihindi ikiwa imeshuka bandarini na tiketi zimeshaanza kulanguliwa mlangoni, majumba mawili yaliweza kuionyesha usiku uleule. Nakala ya filamu ilikuwa moja tu.

Mwenye siri hiyo alikuwa kijana wa baiskeli. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018, ameeleza jinsi mikanda ilivyokimbizwa kutoka jumba hadi jumba, kipande baada ya kipande, huku watu wakisubiri vitini. Habari hii husimuliwa kama kichekesho cha enzi zile. Mimi nikiitazama naona ratiba, tena iliyopigiwa hesabu vizuri kuliko ya daladala zetu za leo.

Tuipige hesabu hiyo. Mkanda wa milimita 35 hupita mbele ya taa kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, yaani futi 90 kwa dakika. Mother India, ya 1957, ina dakika 172. Zidisha, unapata zaidi ya futi 15,400, karibu kilomita 4.7 za mkanda. Ukiunyoosha utatoka Vuga, ufike Malindi, urudi, na bado ubaki wa kufungia mzigo. Mkanda huo hukatwa vipande na kila kipande huviringishwa kwenye rili yake. Rili ya futi 2,000 huchukua dakika 22 na sekunde chache. Kwa hiyo filamu nzima ni rili nane, na kila moja ina uzito wa karibu kilo 5 kabla hujaitia kwenye mkebe.

Sasa tuseme jumba la kwanza limezima taa saa tatu kamili usiku. Rili ya kwanza inaisha saa tatu na dakika 22. Hapo mkia uko nje na kichwa kiko ndani, kwa hiyo lazima irudishwe nyuma kwanza: dakika nne. Kijana anaifunga kwenye kikapu na kupiga pedali kilomita moja na ushei: dakika saba, kama hakuna mkokoteni wa ng'ombe njiani. Fundi wa jumba la pili anaipitisha kwenye meno ya mashine: dakika mbili. Tumefika saa tatu na dakika 35. Jumba la pili likitangaza saa tatu na nusu limejitia aibu. Likitangaza saa nne kasorobo lina dakika kumi za akiba.

Uzuri wake ni kwamba ucheleweshaji ule wa mwanzo hauongezeki. Rili ya pili itaisha dakika 22 baada ya ya kwanza, na jumba la pili litaihitaji dakika 22 baada ya kuanza. Majumba yote mawili yanatembea kwa hatua moja, moja likiwa nyuma ya jingine daima kwa muda uleule. Kwenda na kurudi kwa baiskeli ni kama robo saa, basi kijana mmoja anatosha na anabakiwa na dakika saba za kufuta jasho. Na mapumziko ya katikati, watu wanapotoka kununua karanga na soda, hayaharibu kitu mradi kila jumba lipumzike baada ya rili ileile. Hatari ni moja tu: mkanda kukatika. Ukikatika jumba la kwanza, zile dakika kumi za akiba ndizo zinazoliwa, na zikiisha, jumba la pili linabaki na pazia jeupe na watu wanaopiga miluzi.

Ndiyo maana kazi ya chumba cha mashine haikuwa ya mtu wa kubahatisha. Projekta zilikuwa mbili. Moja ikionyesha, nyingine imeshavalishwa rili inayofuata. Fundi anakaza macho kwenye pembe ya juu kulia ya pazia. Kidoa cha mviringo kinachomoza, kinazima kabla mtazamaji hajapepesa jicho: hapo anawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba zinapita. Kidoa cha pili: anafunga dirisha la mashine moja na kufungua la nyingine. Nargis, nyota wa Mother India, alikuwa ameanza kugeuza shingo kwenye rili ya nne, anamalizia kuigeuza kwenye rili ya tano, na huko chini hakuna aliyejua. Wakati huohuo fundi analisha mwali wa vijiti vya kaboni unaotoa mwanga, maana vinaungua na kufupika, na pengo kati yao likipanuka picha inageuka manjano.

Nimekaa kwenye mashine kwa makusudi. Tunapozungumzia kuhifadhi majumba haya, picha tunayoonyeshana ni ya uso wa jengo: mikunjo ya saruji, herufi za jina, rangi iliyobabuka. Lakini jumba la sinema lilijengwa kuanzia nyuma kwenda mbele, kuanzia kile chumba kidogo. Kilipo chumba cha mashine ndipo mwinamo wa sakafu unapoamuliwa, ili mwanga upite juu ya vichwa. Kuta hazina madirisha kwa sababu ya giza na sauti. Na kwa sababu mikanda ya zamani ilikuwa ya nitrati, iliyoweza kuwaka hata bila hewa ya nje, majumba mengi ya enzi ile yalikuwa na vifuniko vya chuma kwenye vitundu vya chumba cha mashine, vinavyodondoka vyenyewe moto ukitokea. Kodak iliacha kutengeneza nitrati mwaka 1951.

Vuga wanajua habari ya moto. Jumba la kwanza pale, Royal, lilisanifiwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Liliteketea. Majestic ilijengwa mahali pake kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania na kufunguliwa mwaka 1955. Leo paa lake limeporomoka. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, ila orodha haizuii mvua.

Yaliyoyamaliza majumba haya yanajulikana: televisheni, kanda za video, umiliki uliohama mkono bila bajeti ya matengenezo kuhama nao. Dar es Salaam ilikuwa na sinema ya magari iliyofunguliwa 1966 kule Msasani; uwanja wake sasa ni ubalozi wa Marekani. Hapo hakuna cha kuhifadhi.

Penye jengo, swali langu kwa kila mpangaji mpya ni moja: umeifanyia nini sakafu? Duka kubwa huijaza kifusi na zege ili rafu zisimame wima, na siku hiyo jumba limekufa hata kama jina bado liko juu ya mlango. Maduka madogo hukata balkoni vipande. Kanisa, kinyume chake, hulihitaji jumba lilivyo: watu waone mbele, wasikie, wakae kwa safu. Nairobi majumba kadhaa yamekuwa makanisa, na wapenzi wa sinema husikitika. Mimi sisikitiki sana. Kwa macho ya fundi, muumini ndiye mpangaji bora kuliko wote. Sinema ya Shan, mtaa wa Ngara mjini humo, ilikwenda njia nyingine, ikawa Sarakasi Dome, ukumbi wa wanasarakasi na wacheza ngoma. Ukumbi umebaki ukumbi.

Kwa Majestic, kundi la Hifadhi Zanzibar limekuwa likilipigania. Ningewaomba wanaoshika ramani wapande kwanza kwenye chumba cha mashine, watafute matundu ya boliti mahali projekta zilipokanyaga, wapime kutoka hapo hadi pazia, ndipo washuke waanze kujadili rangi ya mbele. Filamu siku hizi huja kwenye diski inayoingia mfukoni, haihitaji rili wala kidoa cha pembeni, lakini bado inataka giza, mwinamo, na mstari ulionyooka kutoka kwenye taa hadi kwenye kitambaa.

Kwa sasa, tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, huonyesha filamu zake Ngome Kongwe, uwanjani. Taa ya kwanza husubiri jua lizame.