Jinsi Fougasse Alivyomketisha Hitler Ndani ya Basi

Katika matatu ya asubuhi kutoka Kapsoya kwenda Eldoret mjini, abiria wa nyuma husikia siri za wa mbele bila hata kutega sikio: deni la fulani, safari ya mume wa fulani. Mwaka 1940 Mwingereza Cyril Kenneth Bird, aliyetia saini michoro yake kwa jina Fougasse, alichora hali iyo hiyo. Wanawake wawili wanapiga soga. Nyuma yao wametulia Hitler na msaidizi wake Göring, wakisikiliza.

Mchoro huo ni mojawapo ya mabango manane ya Careless Talk Costs Lives (Maneno ya ovyo hugharimu maisha), aliyoichorea Wizara ya Habari ya Uingereza ili raia wachunge ndimi zao wakati wa vita. Wakusanyaji wa vibonzo huyasaka hadi leo.

Fougasse alisomea uhandisi, kisha akajeruhiwa vibaya katika mapigano ya Gallipoli mwaka 1915. Mchoro wake hauna mstari wa ziada. Masharubu na kishungi cha nywele vinatosha kumleta Hitler. Kitambi na sare vinamleta Göring. Sehemu kubwa ya karatasi ameiacha nyeupe, akaizungushia mpaka mwekundu. Kwenye ukuta uliojaa matangazo, weupe huo ndio uliokamata jicho.

Yeye mwenyewe alitaja vikwazo vitatu vya bango: watu hawapendi kusoma tangazo, wakilisoma hawadhani linawahusu, na wakikubali linawahusu hulisahau. Kichekesho kilivikabili vyote. Jicho huanza kwa wanawake, mahali pa kawaida kabisa, ndipo linapogundua nani yuko nyuma. Msomaji huwa amejigundulia hatari mwenyewe, na aliyecheka haraka hasahau haraka.

Anayetaka kununua bango la aina hiyo aanze na rula: nakala za wakati wa vita zina takriban sentimita 32 kwa 20. Kisha achukue lenzi ya kukuzia, autazame mpaka mwekundu. Katika nakala asilia, wekundu ni wino mmoja uliolala sawasawa. Katika nakala nyingi za kisasa, lenzi huufumua kuwa vitone vya waridi na njano vilivyobanana. Alama ya pini pembeni isimtishe. Mabango haya yalichapwa ili yabandikwe.

Bango likishafika Kapsoya, adui zake ni unyevu wa msimu wa mvua na jua la dirishani. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya droo kavu, inalifaa kuliko fremu ya sebuleni.